Kengele Zilizorudi Kwaresima

Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, Garifalia alikuwa uani akianika mashuka ya wageni wa hoteli aliposikia kengele za kondoo kutoka korongoni. Akabaki amesimama, kibanio mdomoni, shuka limemning'inia begani.

Upepo ulikuwa unateremka mlimani. Kwanza ilikuja sauti moja nene yenye mkwaruzo mwishoni, kama ya mtu mwenye kikohozi. Halafu zikafuata zile ndogo, nyingi, kama maji yakikimbia juu ya vijiwe. Ile nene nyumbani kwao waliiita Kasisi, kwa sababu ndiyo iliyotangulia na nyingine zote zikaitikia. Baba yake Garifalia ndiye aliyeifua, akaipasua kwa haraka zake, kisha akauziba ufa kwa shaba. Katika Krete yote hapakuwa na kengele nyingine iliyokohoa namna hiyo.

"Umesikia?" akauliza Kaliopi, mwenzake wa kufua.

"Upepo huo."

"Upepo gani unaompiga Kasisi, mama wee? Kaka yako amewavika kondoo kengele!"

"Sina kaka."

"Basi wamevikwa na malaika," Kaliopi akasema, akakung'uta shuka kwa nguvu hadi matone yakamrukia Garifalia usoni. "Na malaika wenyewe wanajua kuzipanga kama Manousos."

Garifalia alibana shuka lile upande mmoja tu, likapeperuka hadi kwenye vumbi, ikabidi lifuliwe tena.

Miaka tisa kengele hizo hazikusikika. Kule milimani, mchungaji akifiwa huvua kengele za kundi lake, na kondoo hula majani kimya mpaka msiba uishe. Anayekutana na kundi lisilo na sauti huvua kofia kabla hata ya kuuliza nani kafa. Na katika miaka ile tisa, aliyekufa alikuwa Garifalia.

Chanzo kilikuwa shamba. Hapo korongo la Perdika linapoishia, karibu na bahari, baba yao alijenga zizi la mawe kwa ajili ya majira ya baridi. Kila mwaka theluji ilipokaribia, kundi lilishuka korongoni, likazalia pale penye joto, na baada ya Pasaka likapanda tena hadi Anopetra, juu mlimani. Baba alipogawa mali, kundi lilikwenda kwa Manousos, kitinda mimba, na shamba likaandikwa kwa Garifalia, binti mkubwa. Zizi likabaki la wote wawili kwa mdomo tu, kama mambo ya ndugu yalivyo.

Garifalia alipofiwa na mume, akaja mtu wa mjini akitaka kujenga hoteli. Garifalia akamwuzia shamba. Haki alikuwa nayo. Ila hakumwambia Manousos, maana alijua angekataa. Akajisemea kwamba atamwambia wiki ijayo, na ile wiki nyingine, mpaka Novemba ikafika. Manousos akashuka na kundi katika mvua, akakuta ukuta umebomolewa na mashine ya kuchimba imeegeshwa pale kondoo walipozoea kuzalia.

Hakupiga kelele. Wala mlangoni kwa dada yake hakufika. Aligeuza kundi, akapanda nalo korongo katika mvua ileile, na kesho yake kengele zote zikanyamaza. Siku ya arobaini, akamtuma mtu kumletea Garifalia sahani ya ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kanisani kumwombea marehemu. Juu ilikuwa imefunikwa sukari nyeupe, na katikati jina limeandikwa kwa lozi: Garifalia.

Na yeye yuko mlangoni, mzima, amevaa aproni, mikono ina unga.

Akawamwagia kuku. Tangu siku hiyo alikataza jina la kaka yake lisitajwe kizingitini kwake, na watu wa kijiji chake cha Limnari, ambao hupenda kusema kila kitu, hilo walilitii.

Sasa kengele zimerudi. Mtu wa kwanza kumwambia maana yake alikuwa Kaliopi, wa pili padri, wa tatu mwuza samaki: Manousos amemfufua dada yake, aende basi wapatane.

"Yeye ndiye mdogo," Garifalia akawajibu wote watatu. "Mdogo ndiye humjia mkubwa. Kengele amezivika, miguu anayo. Ashuke."

Akamngoja. Kila asubuhi alipoanika mashuka alimsikia Kasisi akikohoa huko juu, na moyo wake ukaruka, kisha akajikaza. Wiki ya pili akapaka chokaa ukuta wa mbele. Wiki ya nne akanunua kahawa ile aipendayo Manousos, akaificha nyuma ya chumvi ili Kaliopi asiione. Pasaka ikaja, akapaka mayai rangi nyekundu, akaweka sahani ya pili mezani, akala peke yake akiitazama. Sikukuu ya Mtakatifu Yorgi, mlinzi wa wachungaji, alikaa kibarazani kutwa nzima na viatu vyake vizuri. Kila aliyetokea korongoni alikuwa mtalii.

"Wewe unangoja nini hasa?" Kaliopi akamuuliza. "Apigiwe tarumbeta?"

"Nangoja adabu."

"Adabu! Mna miaka sitini na kitu, nyote wawili. Mtapelekeana adabu makaburini."

Maneno hayo yalimwingia. Lakini zikapita siku tatu nyingine kabla hajakubali, na katika siku hizo tatu hakusikia kengele. Akajiambia upepo umegeuka.

Siku ya nne alfajiri, akatia kwenye mkoba vimkate vya jibini, mayai mekundu sita na kahawa, akafunga kitambaa chake cheusi, akaenda. Limnari haina barabara. Wa Limnari huondoka kwa boti au kwa korongo, na korongo ni mwendo wa saa tano kwa mwenye magoti mazima.

Pale langoni alikuwa Vardis, mlinzi wa korongo.

"Shangazi, unaenda kinyume! Watu wote wanateremka."

"Mimi nilizaliwa huku. Niliteremka zamani."

Vardis akacheka, halafu akaacha kucheka alipouona mkoba. "Unaenda kwake?" Akavua kofia, akaivaa tena, kama mtu asiyejua afanye nini na mikono. "Nenda, shangazi. Nenda polepole lakini usisimame sana njiani."

Alikumbuka maneno hayo baadaye. Wakati ule aliona ni heshima tu.

Njia ilianza kwa mawe makubwa ya duara yaliyoachwa na mafuriko. Kuta za korongo zilikuwa bado mbalimbali, nyekundu upande wa jua na kijivu upande wa kivuli, na mtoni maji yalikuwa yamebaki kidogo, ya kuvukwa kwa hatua nne juu ya vijiwe. Vichaka vya maua mekundu vilikuwa vimeanza kuchanua. Garifalia alitembea bila kutazama chini. Miguu yake ilikumbuka jiwe lipi linacheza na lipi limetulia, ingawa mafuriko ya miaka tisa yalikuwa yamebadilisha mengine, na mara mbili alitumbukia hadi kifundoni, akajitukana.

Kadiri alivyopanda, kuta zilisogeleana. Watalii wakaanza kukutana naye, wamevaa kofia pana, nyuso zimeiva kwa jua, wakimwamkia kwa Kigiriki kibovu. Walisimama pembeni kumpisha, bibi wa nguo nyeusi anayepanda huku dunia yote ikishuka. Mmoja akamnyooshea chupa ya maji. Akanywa, akampa yai jekundu. Yule kijana hakujua alifanye nini. Alilibeba kiganjani kama kifaranga.

Mwenye kutembea peke yake hufikiri. Kwanza alipanga maneno. "Nimekuja, si kwa sababu nina makosa peke yangu." Hapana. "Haki ya kuuza nilikuwa nayo." Hilo pia hapana. Alipovuka mto mara ya sita, maneno ya haki yalikuwa yamemwisha, akabaki na picha moja tu: kondoo wenye mimba, wameloa, wanageuzwa kurudi juu kwenye theluji. Wangapi walikufa mwaka ule? Hakuwahi kuuliza. Yeye aliyekuwa amekulia kati yao, hakuuliza.

Akamkumbuka pia Vardis. Mwaka juzi, majira ya baridi, alikuja mlangoni kwake akiwa na kofia mkononi. "Shangazi, kuhusu Manousos, kuna jambo..." Naye akamfungia mlango usoni hata kabla hajamaliza.

Jambo gani?

Akaongeza mwendo.

Mahali panapoitwa Mlango wa Jiwe, kuta mbili za korongo hukaribiana hata mtu akinyoosha mikono anadhani atazigusa zote, na juu mbingu inabaki utepe. Pale ndipo sauti za malishoni huteremka zikanaswa. Walipokuwa wadogo, yeye na Manousos waliweka masikio kwenye jiwe na kuhesabu kengele za baba, na Manousos, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa anaweza kusema kondoo gani ameachwa nyuma. Upepo ugeuke usigeuke, Mlango wa Jiwe husema.

Garifalia akasimama, akafunua kitambaa, akaweka sikio ukutani. Jiwe lilikuwa baridi.

Maji. Ndege. Kicheko cha mtalii huko chini.

Akahamia ukuta wa pili. Akazuia pumzi. Hakuna Kasisi, hakuna hata kengele moja ndogo.

Binti wa mchungaji hahitaji barua. Kengele zikinyamaza, kuna maiti nyumbani. Akaketi pale pale penye maji, watalii wakamzunguka wakiuliza kitu asichokielewa. Kisha akainuka, akaenda bila kuongea na mtu. Sehemu iliyobaki ya korongo, ile ya kupanda kwa magoti, penye misonobari iliyoshikilia miamba kwa kucha, aliipanda akilia kwa sauti, akisema "Ngoja, mdogo wangu, ngoja kidogo," kama mtu anayekimbilia boti.

Akatokeza juu. Zizi la Anopetra lilikuwa wazi, lango limeegemezwa ukutani. Samadi bado mbichi, kondoo hakuna hata mmoja. Nyumba imefungwa madirisha. Akajishika kifua.

"Nani huyo anaburuta miguu kama punda wa kukodi?"

Sauti ilitoka nyuma ya mti wa lozi. Manousos alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia usoni, blanketi mapajani.

Garifalia alitaka kusema jambo la maana. Yaliyotoka ni haya: "Mbwa wewe! Nimekulilia kutoka Mlango wa Jiwe!"

"Bure kabisa. Ungesubiri nife, ungelia mara moja tu."

"Kengele ziko wapi?"

"Njoo kwanza ukae. Mimi siwezi kuinuka kukupa kiti."

Hapo ndipo akaona. Blanketi lilianguka sawa upande mmoja, na upande wa pili lilianguka tu, bila goti. Garifalia akasimama akitazama mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa.

"Sukari," Manousos akasema. "Ilianza na kidole. Wakaendelea kukata kama salami. Mwaka juzi, majira ya baridi."

"Na mimi sikuambiwa."

"Nilimtuma Vardis."

Garifalia akaketi kwenye jiwe. Akafungua mkoba kwa sababu mikono ilitaka kazi, akatoa vimkate vya jibini, akatoa mayai. Manousos akachukua yai moja, akamnyooshea ncha yake, kama desturi ya Pasaka. Wakagonganisha. La Garifalia likapasuka.

"Siku zote unachagua laini," Manousos akasema. "Ile ngano yangu ulikula?"

"Waliila kuku."

"Walikuombea?"

"Walitaga wiki nzima mfululizo."

Manousos akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa sawasawa na cha Kasisi. Nyuki walikuwa wengi kwenye maua ya mwituni.

"Nilizivika Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima," akasema bila kumtazama. "Zote sabini na mbili. Nimekaa hapa hapa, jirani yangu Pavlis ananiletea kondoo mmoja mmoja. Siku mbili ilituchukua. Pavlis akaniambia, mpigie dada yako simu. Nikamwambia, mimi na dada yangu simu yetu ni hizi kengele. Nikawa nakaa pale ukingoni mwa korongo kila asubuhi, kutazama njia." Akamenya yai polepole. "Kule chini hazikufika, sivyo? Mahoteli yana kelele siku hizi. Mapampu, muziki."

Garifalia aliona mlango umefunguliwa mbele yake, na kaka yake mwenyewe ndiye aliyeufungua. Angeweza kusema hazikufika, ikaisha.

"Zilifika," akasema.

"Lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo. Nilikuwa naanika mashuka."

Yai likabaki mkononi mwa Manousos.

"Nilidhani umekuwa kiziwi," akasema. "Nilimwambia Pavlis, uzee umemziba masikio, maskini, si kosa lake. Nikawa nakuonea huruma." Akatazama zizi tupu. "Ilinisaidia, unajua. Kukuonea huruma."

"Nilikuwa nakungoja ushuke. Kwa sababu mimi ni mkubwa."

"Na mguu huu?"

"Sikujua, Manousos."

"Hukujua," akakubali, bila hasira, na ingekuwa afadhali kama angekasirika.

Manousos alikuwa amewauza kondoo. Binti yake Evanthia, mwalimu huko Heraklio, alikuwa anakuja kesho kumchukua akaishi naye ghorofa ya nne, jengo lenye lifti. Mnunuzi kutoka ng'ambo ya mlima alitaka kundi kabla ya Kwaresima, Manousos akamwambia angoje Pasaka ipite. Pasaka ikapita, akamwambia angoje Mtakatifu Yorgi. Mwishowe yule mtu akasema mimi pia nina watoto, bwana, akaja na lori, siku ya kwanza ya zile tatu ambazo Garifalia alijiambia upepo umegeuka. Kundi likiuzwa, kengele hubaki kwa mwenye kuuza. Zilikuwa kwenye magunia mawili nyuma ya mlango.

"Laiti ungekuja juma lililopita ungewaona," Manousos akasema. "Kulikuwa na wana-kondoo kumi na tisa."

Garifalia akalala huko. Alimfulia mashati, akampikia kahawa ile aliyoificha nyuma ya chumvi, wakaongea juu ya baba na mama na mbwa waliokufa zamani. Juu ya shamba hawakuongea, ila mara moja, asubuhi, alipomfunga vifungo. "Ningekwambia," akasema. "Kila wiki nilisema wiki ijayo." Manousos akamshika mkono palepale kwenye kifungo, akauacha.

Saa tatu gari la Evanthia likafika. Akamkumbatia shangazi yake kwa mshangao, akapakia masanduku na magunia ya kengele, akaleta kiti cha magurudumu. Manousos akakataa kuingia garini.

"Nipelekeni ukingoni. Na mpe dada yangu Kasisi."

"Baba, tutachelewa."

"Tumechelewa miaka tisa, mwanangu. Nusu saa itakuuma wapi?" Akamgeukia Garifalia. "Sitaki unipungie mkono barabarani kama mtalii. Wewe shuka kwanza, ukiipiga. Nitakusikiliza mpaka utakapopotea, halafu nitaondoka."

Kengele ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Mkanda wake ulinuka jasho la kondoo dume. Garifalia akaivaa shingoni mwake mwenyewe, kwa kuwa mikono aliihitaji kwa kushuka, na hatua ya kwanza tu Kasisi akakohoa. Manousos akatikisa kichwa. "Umetembea kama mbuzi jike. Vizuri. Nenda."

Akashuka. Kwenye kona zile za juu bado aliweza kugeuka na kuiona kofia yake ukingoni, nyeusi, ndogo, kisha ndogo zaidi, kisha misonobari ikaifunika. Watalii waliokuwa mbele walisikia kengele, wakajibana kwenye mwamba kulipisha kundi. Akapita bibi kizee, peke yake, na kundi halikuja.

Alipofika Mlango wa Jiwe, akasimama. Akavua kengele shingoni, akaishika kwa mikono miwili, akapiga. Sauti ikapanda kati ya kuta, ikagonga huku na huku, ikaenda juu mpaka haikusikika tena.

Akaweka sikio kwenye jiwe. Huko juu Manousos hakuwa na kitu cha kujibia. Kengele nyingine zote zilikuwa kwenye magunia mawili ndani ya gari. Pengine alisikia. Pengine Evanthia alikuwa ameshawasha gari. Pengine yuko bado pale, ameinamisha kichwa, anangoja nyingine.

Akapiga tena, akangoja. Mtalii mmoja akamwuliza kwa ishara kama anahitaji msaada. Akamwashiria apite. Utepe wa mbingu juu ya kuta ulikuwa umegeuka mweupe wa mchana, na Garifalia bado alikuwa pale, anapiga, ananyamaza, anasikiliza.